Wakati wa Kula Nguo

Simu yangu hunipa hali ya hewa kila asubuhi bila kuulizwa. Inaandika Bariadi, inachora kijua na kiwingu pembeni, inaweka nyuzi joto na asilimia ya mvua, nami naifunga kwa hasira kidogo, kwa sababu haijui kitu. Joto la mwezi wa pili na joto la mwezi wa tisa linaweza kuwa na namba ileile kwenye kioo, lakini mtu aliyewahi kutembea peku kwenye udongo mweusi wa mbugani hawezi kuyachanganya. La kwanza lina mahindi ndani yake. La pili lina mifupa.

Kwetu mwaka haukwenda kwa miezi. Kalenda ya kanisa ilining'inia ukutani, ndiyo, lakini baba aliisogelea mara moja tu kwa mwaka, kutafuta Pasaka. Miezi aliwaachia walimu na watu wa ofisini. Yeye alikuwa na majina yake, na aliyatumia kwa uhakika kiasi kwamba nilifika darasa la tatu nikiamini yanapatikana vitabuni. Nilimwambia mwalimu kwamba nilizaliwa wakati wa miguu ya majivu. Darasa zima lilicheka, na mwalimu akaandika Julai.

Miguu ya majivu ni kipindi kile mvua imekwisha kabisa, pamba imeshachumwa, na vumbi la njia za ng'ombe linapanda hadi magotini. Unajipaka mafuta asubuhi, na kabla hujafika kisimani una miguu ya mtu aliyetoka kuchoma mkaa. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi, ile inayonyesha jioni moja kwa kishindo kisha haionekani tena, baba aliiita mgeni wa mlangoni. Anabisha hodi, anakataa kiti, anaaga kabla maji ya chai hayajachemka. Vijana wa bodaboda hapa Bariadi wana jina lao: wanaiita tapeli. "Usipande, hiyo tapeli," wanaambiana wakikung'uta maji kwenye viti vya pikipiki, na wanasema kweli, kwa sababu mbegu nyingi zimeozea ardhini kwa ajili yake. Nikiwa na haraka hata mimi nasema tapeli. Lakini silipendi. Tapeli ni mtu wa kutukanwa, wakati mgeni wa mlangoni unamsindikiza kwa macho na kutumaini atarudi na mzigo.

Mama naye alikuwa na neno lake, kiangazi mtoto. Ndilo jua la mwezi wa kwanza kuelekea wa pili, mahindi yakiwa bado mafupi, mvua inapokatika ghafla na majani kuanza kujikunja. Akisema "kiangazi mtoto kimeamka" tulijua chakula cha mchana kitakuwa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa juani tangu baada ya mavuno. Tulivianika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, sote tumeinama, na aliyekula kipande kabla hakijakauka alichapwa. Nyuma ya jiwe hilohilo ndiko tulikomzika baba. Siku moja nilipeleka michembe ofisini, na mwenzangu mmoja wa kutoka pwani akauliza kwa upole kama ni chakula cha mifugo. Nilimwambia ndiyo, nikamaliza yote peke yangu.

Nyumbani tunaongea Kisukuma. Majina haya ya baba, hata hivyo, yalikuwa ya Kiswahili, na nadhani yalitokana na ujana wake, alipokuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Maswa, mahali ambapo watu wa kila kabila walisikilizana kwa Kiswahili kisichokuwa na madoido. Alirudi kijijini na fulana mbili, redio mbovu na tabia ya kuyapa majina mambo yasiyokuwa na majina. Mengine majirani waliyaokota wakayatumia. Moja halikutoka nje ya boma letu. Nimeliulizia Maswa mjini, nimeliulizia Bariadi, na mtu mmoja wa Kiloleli alinicheka mpaka akatoa machozi. Ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, na ndilo lililotutesa mwaka ule alipofariki.

Ni kula nguo.

Kiangazi kikishakomaa, malisho yakibaki vijiti, ng'ombe hushikwa na hamu ya chumvi. Utamkuta jike mzima, mwenye heshima zake, amesimama njiani anatafuna mfupa wa zamani, au analamba ukuta wa nyumba. Kisha siku moja, ambayo hakuna anayeweza kuitabiri, mmoja wao akitoka kunywa maji lamboni atapitia uani, atasimama kwenye kamba ya kuanikia, atachagua nguo yenye jasho ambalo sabuni haikulimaliza, na kuanza kuila. Mwaka mmoja walikula sketi yangu ya shule. Mwaka mwingine walikula shuka la wageni, lote, na kubakiza pindo. Mama alikuwa anatoka jikoni na mwiko, na baba anamzuia huku akicheka.

"Mwache, mayu," alimwambia. Mayu kwetu ni mama, na ni mwanamke yeyote unayempenda au kumheshimu. "Mwache. Ametupa taarifa."

Siku hiyo kula nguo kulikuwa kumeingia, na baba alikwenda kufungua ngitili.

Ngitili ni kipande cha malisho ambacho mwenyewe anakifunga mvua zikishashika. Hakuna mnyama anayekanyaga humo. Majani yanakua hadi kiunoni, yanakauka yakiwa yamesimama, na kungoja siku mbaya. Yetu iko ng'ambo ya zizi, imezungukwa na minyaa na mkonge pande tatu, na upande wa nne una mlango ambao si mlango, ni tawi la mgunga lenye miiba. Kila mwaka baba alikata tawi jipya. Alivaa shati lake la kaki la kazi, akalikokota tawi hadi mahali pake, akalilaza, akasema, "Lala." Hakuongeza neno. Tangu hapo watoto tulikatazwa kupiga kelele upande ule, kwa kuwa majani yamelala, na nimekuwa mtu mzima huku nikiamini kwamba majani hukua usingizini.

Siku ya kufungua alivuta tawi pembeni na kusema, "Amkeni." Ng'ombe walisimama wanatetemeka pua, wakingoja neno hilo kama watoto wa shule wanavyongoja kengele. Hakufungua mapema hata mara moja. Jirani zetu walifungua kwa huruma mwezi wa saba, na mwezi wa kumi ng'ombe wao walianguka. Baba alingoja nguo iliwe.

Na aliyefunga ndiye aliyefungua. Sitaki kusema kwamba ndiyo mila ya Wasukuma wote. Kuna nyumba ambazo anafungua yeyote aliye karibu, hata mke, hata mchungaji. Kwetu ilikuwa hivyo tangu kwa babu na hakuna aliyeuliza sababu. Kuna mwaka baba alikuwa hospitalini Maswa amepasuliwa ngiri, na wakati huohuo ng'ombe wakala gauni la mama la kanisani. Ilibidi ng'ombe wangoje. Baba alirudishwa akiwa amekaa kwenye keria ya baiskeli juu ya mto wa kulalia, analalamika kila tuta, na badala ya kwenda kitandani aliomba apelekwe kwenye ngitili. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyevuta tawi. Baba aligusa ncha yake kwa kidole, akasema neno lake, akaomba uji.

Mwaka ule wa mwisho alifunga mwenyewe, akiwa mzima kabisa. Mama anasema alikaa pale kidogo baada ya kulaza tawi, akapangusa shingo kwa kola ya shati, akarudi nyumbani na kulitundika shati kwenye msumari chumbani. Alifariki pamba ikiwa imeanza kupasuka. Aliugua muda mfupi, na ugonjwa wenyewe sitausimulia. Baada ya matanga nguo zake ziligawiwa ndugu, koti kwa huyu, suruali kwa yule. Lile shati la kaki mama hakulitoa. Hakulifua pia.

Nilirudi kazini Bariadi. Kiangazi kikaja, na ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulitegemea: nilikuwa nimebaki na maneno, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Siku vumbi lilipopanda nilitaka kusema miguu ya majivu, nikawatazama wenzangu wamekaa mbele ya feni, nikanyamaza. Baba nilikuwa nampigia simu kila Jumapili, na mazungumzo yetu yalikuwa mafupi, karibu ya kipuuzi. Nilikuwa namuuliza, "Kumeingia nini huko?" naye alinijibu kwa jina moja, nami nikaona nyumba yote, uani, jiwe, moshi, mama. Jumapili hizo zilikuwa zinapita sasa nimeshika simu tu.

Mdogo wangu ndiye aliyebaki nyumbani na mke wake, mama na ng'ombe. Alianza kunipigia mwezi wa nane.

"Dada, ng'ombe wamekonda."

"Si ufungue ngitili?"

"Mama anasema bado."

"Bado nini?"

"Anasema hawajala nguo."

Nilimwambia anunue mashudu ya pamba, akanunua. Gunia moja kwa kundi lile ni kama kumpa mtu mwenye njaa pipi. Alipiga tena mwezi wa tisa, na safari hii sauti yake haikuwa ya kulalamika, ilikuwa ya mtu aliyechoka. Yule jike mweusi mwenye paji jeupe, ambaye alikuwa akiongoza kundi, bado alikuwa anatembea, lakini jike wa madoa, mwenye mimba, alikuwa hawezi kusimama bila kuinuliwa. Majani yalikuwa yamejaa ng'ambo ya zizi, hadi kiunoni, yamekauka vizuri, na ng'ombe walikuwa wanayaona kila walipopita.

Nina hasira za karibu, kila anayenifahamu anajua. Jumamosi nilishika njia, na tangu Bariadi hadi kwetu nilikuwa napanga hotuba.

Nilifika mchana. Uani mdogo wangu na jirani mmoja walikuwa wameinama juu ya jike wa madoa, mmoja ameshika mkia, mwingine amepitisha gunia chini ya tumbo, wanahesabu na kuvuta. Alisimama, akayumba, akabaki amesimama huku miguu imetawanyika. Sikutoa hotuba. Niliingia ndani kumsalimia mama.

"Mwadila, mayu," nilisema, kama tunavyosalimia mchana.

"Mwadila, mayu," alijibu, kwa kuwa kwetu mama na binti huitana hivyo. Alinitazama viatu. "Umepita njia ya juu. Vumbi lake ni jekundu."

Kilichonishangaza ni sebule. Kamba ilikuwa imekatiza kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kalenda, na juu yake zilining'inia nguo mbichi: kanga za mama, suruali za mdogo wangu, sare za watoto wake. Chini kulikuwa na ndoo ya kukinga maji. Tulikula ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, huku upindo wa kanga ukinigusa kichwani. Nilifikiri wanaogopa wezi. Kijijini kwetu siku hizi kuna wezi wa nguo.

"Mayu," nilianza, "ng'ombe wanakufa."

"Nawaona."

"Na majani yapo."

"Nayaona pia." Alimega tonge. "Baba yenu hakufungua kwa maneno ya watu. Alifungua ng'ombe wakisema."

"Wameshasema. Yule pale nje hawezi kusimama."

"Hawajala nguo," alisema mama, na kunisogezea mboga.

Nilinyanyuka kabla sijasema neno baya. Nyuma ya nyumba nilimkuta wifi yangu anafua kwenye beseni, jua linawaka ambalo lingekausha blanketi kwa muda mfupi tu, na nikamuuliza kwa nini wanaanika ndani. Alitazama mlangoni kwanza.

"Mama alisema ni vumbi," alinong'ona. "Tangu pamba ilipokwisha. Kamba ya nje aliitoa mwenyewe. Nikianika kwenye minyaa, anazifuata anazirudisha ndani. Mara nyingine zinakauka zimeshanuka, wifi, lakini nitasema nini?"

Niligeuka nikatazama uani. Nguzo mbili za kuanikia zilikuwa pale pale zilipokuwa tangu utoto wangu, wazi, bila kitu. Jike mweusi alikuwa amesimama katikati yake. Alikuwa ananusa ile nguzo ya kushoto, mahali ambapo kamba ilikuwa inafungwa, akailamba, akaondoka.

Ndipo nilipoelewa. Hakukuwa na nguo ya kuliwa. Mama alikuwa ameziingiza zote ndani. Nguo isipoliwa, kula nguo hakuingii. Kula nguo kusipoingia, wakati wa kufungua haujafika. Na kama wakati haujafika, basi baba hajachelewa. Ilikuwa bado ni siku zake za kawaida za kungoja, yeye na majani yake, na hakuna mtu aliyepaswa kusimama mahali pake.

Nilikwenda nikakaa juu ya jiwe, karibu na kaburi. Hotuba yote iliniishia.

Mama alinifuata baadaye akiwa na michembe kwenye ungo, ya kupepeta kwa ajili ya jioni. Alikaa, akaanza kutoa yenye wadudu. Nilimsaidia.

"Naweza kufungua mimi," nilisema mwishoni. "Au mdogo wangu. Sisi ni wanawe."

"Ninyi mlifunga lini?"

Alipuliza makapi, akaangalia upande wa ngitili. Kutoka pale jiweni majani yalionekana vizuri, mekundu kidogo kwenye ncha, yanainama na kuinuka kwa upepo.

"Aliyaambia lala," mama alisema. "Yamelala mpaka leo. Kila kitu kingine alichosema kimeshakwisha, mayu. Aliagiza kuku auzwe, akauzwa. Aliagiza bati litengenezwe, likatengenezwa. Hili tu ndilo bado linafanya kazi. Mtu mwingine akiyaamsha, itakuwa basi."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na sikuona haya. Nilimwambia kwamba na mimi namkumbuka, kwamba Bariadi hakuna hata mtu mmoja anayejua kiangazi mtoto, kwamba kila Jumapili nashika simu na sina wa kumuuliza kumeingia nini. Nilimwambia kwamba wiki moja kabla nilianika blauzi yangu chini kabisa kwenye uzio wa nyumba niliyopanga, bila kuisuuza vizuri, na mtaa ule una mbuzi tu. Mama alicheka kidogo kwa pua. Aliniuliza kama mbuzi waliila. Nikasema hapana, walinusa wakaenda zao.

"Mbuzi hawana akili," alisema.

Kutoka uani tulisikia kishindo. Jike wa madoa alikuwa ameanguka tena, na safari hii, walipomshika mkia na kupitisha gunia, hakujaribu kusaidia. Mdogo wangu aliliachia gunia akasimama, mikono kiunoni, anatazama chini. Hakutuita. Nadhani alikuwa ameshakata tamaa ya kutuita.

Mama aliuweka ungo juu ya jiwe. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha akainuka akaingia ndani. Nilimsikia anatupa nguo mbichi juu ya viti. Alitoka na kamba imezungushwa mkononi, akaifunga kwenye nguzo ya kulia, akaivuta, akaifunga kwenye nguzo ya kushoto kwa lile fundo la baba ambalo sijawahi kuliweza. Akarudi ndani tena. Alipotoka alikuwa na shati la kaki.

Alikaa kwenye kigoda mlangoni na kulilaza mapajani. Alikata vifungo kimoja kimoja kwa meno, ili visimdhuru mnyama, akavifunga kwenye pindo la kanga yake. Bwana mifugo angetukemea hata hivyo, na angekuwa na haki. Kisha aliinua kola akainusa, bila kujificha, sisi sote tukiwa tunamtazama. Akaenda akalitundika kambani. Hakulibana.

Hatukuambiana la kufanya. Tulikaa tu, mdogo wangu kwenye gogo karibu na jike wake, wifi mlangoni, mimi na mama kwenye kivuli cha jiko. Jua lilianza kuinama. Kundi likatoka lamboni, taratibu, mmoja nyuma ya mwingine, mbavu zinahesabika. Jike mweusi aliingia uani kwanza. Alipita mbele ya ukuta, akapita beseni la wifi, akasimama.

Alilinusa shati kwa utulivu. Alianza na kola, pale jasho lilipokuwa limekauka na kuacha mstari mweupe, akailamba mara kadhaa, kisha akashika mkono wa shati kwa ulimi na kuuvuta mdomoni. Shati likateleza kutoka kambani likamfunika paji. Mdogo wangu aliinuka nusu, kwa mazoea, kama mtu anayekwenda kuokoa nguo.

"Mwache," mama alisema. "Ametupa taarifa."

Alitangulia yeye. Jike mweusi alimfuata akitafuna, shati linaning'inia upande mmoja wa mdomo, na kundi likamfuata jike. Mimi na mdogo wangu tulipita pembeni. Tulipofika kwenye tawi la mgunga tulisimama, mmoja huku, mwingine kule, na hakuna aliyeligusa. Miiba ilikuwa imekuwa ya kijivu. Ng'ambo yake majani yalikuwa yananukia kama nyumba iliyofungwa muda mrefu.

Jike mweusi alifika akasimama mbele ya tawi. Mkono mmoja wa shati ulikuwa bado nje, unafika karibu na magoti yake. Mama aliushika, akaunyoosha vizuri, kama alivyokuwa akimnyooshea baba siku za kwenda kanisani.

"Haya," aliuambia. "Umefunga mwenyewe. Fungua."

Alingoja. Sote tulingoja, hata ng'ombe. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande, vile anavyofanya akimsikiliza mtu anayezungumza taratibu, na hakutuangalia mpaka alipotosheka. Kisha akauachia ule mkono wa shati na kutuashiria tuvute.

Tulivuta. Jike mweusi aliingia wa kwanza, majani yakamfika tumboni, na tuliona shati linakwenda naye hadi yakalifunika. Wengine walimpita mama kushoto na kulia, wanamgusa kwa mbavu zao. Mdogo wangu alikata majani kwa mundu, akajaza mikono, akakimbia nayo uani kumpelekea jike wa madoa pale alipolala, na nilipofika alikuwa ameshaanza kula, kichwa kikiwa bado chini. Siku zilizofuata alisimama mwenyewe.

Mama alibaki mlangoni mwa ngitili mpaka sauti ya kutafuna ikajaa kote. Kisha alirudi nyumbani. Aliingia sebuleni, akaanza kutoa zile nguo mbichi kutoka kwenye viti, moja moja, na kuzianika nje.